Boti ya kabini iliyotumika: nichukue ya petroli yenye mguu au ya dizeli yenye shafti?

Mkazi wa Kigamboni

Salamu kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba ushauri wa watu wanaovitumia na kuvitengeneza vyombo vya baharini.

Nimekusudia kununua boti ya faiba yenye kabini, iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya familia yangu ya watu sita na pengine mgeni mmoja au wawili wasiolipa nauli. Matembezi yetu ya kawaida yatakuwa visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Sinda mwisho wa juma, na mara chache katika mwaka tungependa kuvuka hadi Unguja, tulale huko ndani ya boti, kisha turejee Dar es Salaam. Nimezoea kuendesha boti ndogo ya wazi yenye injini ya kupachika ya farasi 40, lakini sijawahi kumiliki chombo chenye injini ya ndani, choo, jiko na mfumo wa umeme wa namna hii.

Zipo boti mbili ninazoziwazia. Ya kwanza ina urefu wa mita 8.5, imeundwa Marekani, na ilifika hapa kupitia Dubai. Muuzaji anasema ni ya mwaka 2004. Ina injini moja ya petroli ya V8, lita 5.7, inayosukuma mguu uliofungwa nyuma ya boti, ule wenye gia na propela unaoshuka majini, na saa yake inaonyesha imetembea saa 420 tu. Kabini yake inapendeza kwa kweli: vitanda viwili, friji, choo chenye mlango wake, na kiyoyozi kinachoendeshwa na jenereta ndogo ya petroli. Kwa sasa iko nchi kavu juu ya trela.

Ya pili ina mita 9, imeundwa Japani mwaka 1998, ina injini moja ya dizeli ya silinda sita yenye nguvu za farasi 230 na shafti iliyonyooka hadi kwenye propela. Imetembea saa 2,900. Kabini yake ni nyembamba, rangi imefifia, madirisha yana alama za maji, na mwenyewe huitumia kila wiki kwa uvuvi wa mshipi. Bei yake inaizidi ile ya kwanza kwa karibu moja ya tano.

Mke wangu na watoto wameipenda ya kwanza, nami sitaki kuwakatalia bila sababu ninayoweza kuieleza. Nikague nini katika kila moja, na ninyi mngechukua ipi?

Fundi wa Mtwapa

Ndugu yangu, umeyaeleza mambo yako kwa ukamilifu, kwa hiyo nami nitajitahidi kukujibu kwa ukamilifu. Kazi yangu ni kutengeneza boti za aina hizi katika hori ya Mtwapa, na nyingi zinazoletwa kwangu ni zile zilizonunuliwa kwa uzuri wa kabini.

Nianze na saa 420. Boti yenye umri wa zaidi ya miaka 20 iliyotembea saa hizo imefanya kazi kwa wastani usiozidi saa 20 hivi kwa mwaka. Muda wote uliobaki, injini ilikuwa imenyamaza huku masalia ya maji ya chumvi yakiwa ndani ya njia zake za kupozea, mipira ikikauka kwa jua, na petroli ikiozea tangini. Injini ya baharini huharibiwa na kukaa kuliko inavyoharibiwa na kutembea, kwa hiyo saa chache kwenye boti ya zamani si sifa mpaka muuzaji akuonyeshe kumbukumbu za matunzo ya miaka hiyo yote.

Muulize kwanza kama injini hiyo inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja au ina kipozeo chenye maji matamu yanayozunguka ndani. Kisha muulize manifoldi za ekzosi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa silinda, na viwiko vyake vilibadilishwa lini. Vitu hivyo ni vya chuma cha kusubu. Moshi hupita upande mmoja wa ukuta wake na maji ya bahari upande mwingine. Kutu ikishautoboa ukuta huo kwa ndani, kwa nje huoni dalili yoyote, ila maji hushuka taratibu kupitia vali za ekzosi hadi kwenye silinda, na siku moja injini hugoma kuzunguka. Katika maji ya chumvi mafundi wengi huvihesabia vyuma hivyo muda wa miaka mitano hivi, viwe vimetumika sana au kidogo. Kama hakuna risiti, sharti kiwiko kifunguliwe mbele yako. Kazi hiyo ni ya bolti chache na gasketi mpya, na muuzaji anayekataa ifanyike amekwisha kukujibu.



Sasa njoo kwenye mguu. Mguu huo umepita kwenye tundu kubwa lililokatwa kwenye ukuta wa nyuma chini ya usawa wa maji, na kinachozuia bahari isiingie ni mipira ya mikunjo. Mpira mmoja ukipasuka boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa kwenye boya lake bila mtu yeyote ndani. Mipira hiyo huzeeka kwa miaka hata kama boti haikutembea, kwa hiyo ikunje kwa kidole: ukiona nyufa ndogo kwenye mikunjo, yote ibadilishwe. Legeza parafujo ya chini ya mguu kidogo tu na uitazame oili inayotoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia kwenye gia. Tazama pia zinki, vile vipande vinavyofungwa ili viliwe na maji ya chumvi badala ya vyuma vya boti. Zinki zilizoliwa zaidi ya nusu zilipaswa kubadilishwa, na zinki zilizopakwa rangi hazifanyi kazi hata kidogo. Kama mguu umepakwa rangi ya chini yenye shaba ndani yake, chunguza alumini yake kwa makini, kwa sababu shaba na alumini vikikutana katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Baada ya hapo chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki na ugonge ukuta wa nyuma kidogo kidogo kuuzunguka mguu wote. Ndani ya ukuta huo kuna mbao za plaiwudi zilizofunikwa kwa faiba. Mahali pakavu hulia kwa sauti kali na fupi; mahali palipooza hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Mwombe mtu aushike mguu kwa chini na kuuinua huku wewe ukitazama maungio: ukuta usitikisike, wala pasitoke maji ya kahawia kwenye matundu ya bolti. Gonga hivyo hivyo mataruma yanayobeba injini. Ukuta wa nyuma uliooza si jambo la kujadiliana bei. Ni jambo la kuondoka, isipokuwa kama una karakana yako mwenyewe.

Kuhusu ile ya dizeli, saa 2,900 hazinitishi ikiwa oili ilibadilishwa kwa wakati. Fika mapema bila kumwambia mwenyewe saa kamili, na uweke kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, imewashwa ili kukuficha jinsi inavyowaka asubuhi, basi rudi siku nyingine. Ikiwaka ikiwa baridi, moshi mweupe kidogo unaopotea baada ya muda mfupi hauna neno. Ukiendelea kuwa mweupe, kuna dizeli isiyoungua au maji. Ukiwa wa buluu, injini inakula oili. Ukiwa mweusi wakati wa kuongeza mwendo, ama hewa haitoshi, ama nozeli zimechoka, ama propela ni kubwa kupita kiasi.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni cha majini. Soma kibao cha injini uone mizunguko yake ya juu, kisha mkiwa na mzigo halisi, watu wote na mafuta ya kutosha, sukuma gia ya mwendo hadi mwisho kwa dakika chache. Ikiwa kibao kinasema 2,800 na injini haivuki 2,500, kuna tatizo: tumbo la boti limeota chaza, au propela si yake, au injini imechoka. Wakati huohuo tazama mshale wa joto. Vipozeo vilivyoziba kwa chumvi havijionyeshi bandarini, hujionyesha injini inapobeba mzigo. Chukua pia oili kidogo kwa sirinji ukaipeleke maabara, kwa kuwa chumvi na chembe za vyuma ndani ya oili husema mambo ambayo macho hayawezi kuyaona.

Mwisho, fungua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, na uzitazame vali zote zilizo chini ya maji. Kwaruza moja kwa ncha ya kisu. Bronzi nzuri hutoa rangi ya dhahabu iliyokolea. Ukiona rangi ya waridi na chuma kinamumunyuka kama biskuti, hiyo ni brasi iliyopoteza zinki yake, na inaweza kuvunjika mkononi siku utakapotaka kuifunga. Kila vali iwe na kizibo cha mti laini kilichofungwa kando yake kwa kamba. Malengelenge madogo ya faiba yasikukoseshe usingizi. Hutengenezwa boti ikiwa juu.

Binafsi ningechukua ya dizeli. Mafundi wa injini za kupachika wamejaa pwani nzima kutoka Lamu hadi Mtwara, na mafundi wa dizeli vilevile, lakini wanaoufahamu mguu wa aina hiyo ni wachache mno na vipuri vyake huagizwa nje. Usinunue injini ambayo fundi wake hayuko katika mji wako.

Nahodha wa Malindi, Unguja

Marahaba, mwanangu. Fundi ameeleza vizuri, nami nakubaliana naye karibu katika yote. Nitaongeza yale ya safari, kwa kuwa boti nyingi hukaguliwa bandarini na kununuliwa bila mtu kuufikiria Mkondo wa Zanzibar.

Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni karibu maili 40 za bahari. Boti ya petroli ya ukubwa huo ikienda noti 22, yaani maili 22 za bahari kwa saa, hunywa lita 50 hadi 60 kwa saa, yaani lita 100 hivi kwa safari ya kwenda peke yake. Ile ya dizeli ikienda noti 15 hunywa lita 30 hivi kwa saa, na safari ileile huimaliza kwa lita 80 kwa muda wa saa mbili na dakika 40. Hesabu hizo ni za bahari tulivu na tumbo safi. Sheria ambayo manahodha wengi huifuata ni kuyagawa mafuta mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu ambalo haliguswi. Kabla ya kulipa chochote, pima tangi la ile ya petroli uone kama linatosheleza mgao huo, kwa sababu boti nyingi za matembezi ziliundwa kwa ajili ya maziwa na ghuba zenye vituo vya mafuta kila upande.

Jambo la pili ni kusi, upepo wa kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba, ukitoka Dar kwenda Unguja upepo unakuwa nyuma yako na kila mtu ndani ya boti anafurahi. Kurudi ndiko kunakoonyesha chombo, maana mnaikabili bahari fupi yenye mawimbi yaliyokaribiana, na maji ya kupwa au kujaa yakipingana na upepo, mawimbi husimama wima. Boti pana, nyepesi na ndefu kwenda juu kama ile ya kwanza hupigwa upande na upepo na hupiga tumbo juu ya maji hadi mtu aumwe mgongo. Hata wakati wa kwenda, wimbi la nyuma likikufikia, tazama kama sehemu ya nyuma ina matundu ya kutosha ya kutolea maji. Mwambie muuzaji mwende majini siku yenye upepo wa wastani, saa za mchana, si alfajiri bahari ikiwa imelala.

Hapa ninatofautiana kidogo na Fundi: mimi siridhiki na injini moja kwa familia inayovuka mkondo. Kwa kuwa boti zote mbili zina injini moja, utakayoichukua ifungie nyuma injini ndogo ya kupachika ya farasi 15, yenye tangi lake la mafuta, na uiwashe kila mwezi. Haitakufikisha kwa haraka, lakini itakuzuia usisukumwe na mkondo hadi kwenye mwamba wakati mnatafuta ubovu wa ile kubwa.

Kuhusu kabini, najua familia imependa vitanda na kiyoyozi. Katika joto letu, kabini hulalika kwa hewa inayopita, kwa hiyo tafuta boti yenye kidirisha cha juu kinachofunguka mbele na mlango mpana nyuma, halafu usiku uielekeze omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo kwa nanga. Kiyoyozi kinachoendeshwa na jenereta ya petroli wakati watoto wamelala ni jambo ninalolikataa waziwazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na upepo hafifu wa nyuma hutosha kuurudisha moshi ndani ya kabini. Watu wamefia usingizini kwa sababu hiyo katika nchi zenye boti nyingi kuliko zetu. Kila kabini iwe na king'ora cha kutambua hewa hiyo, hata kama huna jenereta, kwa kuwa injini yenyewe hutoa moshi uleule. Tena ukiwa na petroli chini ya sakafu, washa feni ya kutoa hewa ya chumba cha injini kwa dakika nne kamili kabla ya kugusa ufunguo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ndani ya ngama, na cheche moja ya stata inatosha kuuwasha.

Redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) yenye chaneli 16 ya dharura inayofanya kazi, majaketi okozi ya vipimo vya watoto, fataki za kuombea msaada ambazo hazijapita muda, na mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa. Vitu hivi vipatikane kabla ya friji. Huko bara ukaguzi wa chombo utaupata TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na huku kwetu mamlaka inayohusika ni ya Usafiri Baharini Zanzibar, kwa hiyo uwe na karatasi zako mkononi unapovuka.

Mswahili wa Sharjah

Kaka wa Kigamboni, mimi niko huku Ghuba na huona boti nyingi za aina ya hiyo ya kwanza zikiuzwa kwenda Afrika Mashariki. Wakubwa walionitangulia wameeleza chuma na bahari, nami nitaeleza karatasi, pamoja na jambo moja la maji ya huku.

Boti zilizoundwa Marekani zina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iliyochapwa kwenye ukuta wa nyuma, upande wa kulia karibu na ukingo wa juu. Kwa boti za kuanzia mwaka 1984, sehemu ya mwisho ya namba hiyo hutaja umri: kwanza herufi ya mwezi, kuanzia A kwa Januari hadi L kwa Desemba, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipoundwa, kisha tarakimu mbili za mwaka wa toleo. Isome wewe mwenyewe kwa macho yako na uilinganishe na hati ya mauzo. Ikiwa imekwanguliwa au kibao chake kimebandikwa upya, usiendelee na mazungumzo, hata boti ikiwa nzuri kiasi gani.

Dai pia hati inayoonyesha kwamba boti imefutwa kwenye rejista ya nchi ilikotoka, pamoja na hati za forodha za kuingizwa Tanzania. Boti ambayo ushuru wake haukulipwa, au ambayo bado ina deni la benki kwa jina la mtu mwingine, inaweza kukuletea madai yasiyokuhusu. Jina la muuzaji lifanane na jina lililo kwenye hati, au awe na idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili.

Kuhusu ile ya Japani, nchi hiyo ina shirika la ukaguzi wa vyombo vidogo lililoanzishwa mwaka 1974, na boti zake za matembezi hukaguliwa kikamilifu kila baada ya miaka sita, na ukaguzi wa kati ukifanyika baada ya miaka mitatu. Mwulize mwenye boti kama alipokea cheti cha ukaguzi na kijitabu chake. Hata kama huwezi kusoma Kijapani, tarehe na namba ya injini utazitambua, na ukiona namba ya injini kwenye kijitabu ni tofauti na iliyo kwenye chuma, utajua kwamba injini imewahi kubadilishwa. Hilo si kosa, lakini lina bei yake.

Sasa maji. Chumvi ya Ghuba hufika gramu 40 kwa kila kilo ya maji, wakati Bahari ya Hindi huko kwenu ni kama gramu 35, na majira ya joto maji ya huku huvuka nyuzi 32. Injini iliyopozwa kwa maji ya bahari ya huku imeteseka kuliko iliyokaa Tanga au Kilifi kwa miaka ileile. Jua nalo hukausha mipira ya mafuta, viti na waya. Kwa hiyo maswali ya Fundi kuhusu manifoldi na mipira ya mikunjo yana uzito mkubwa zaidi kwa boti iliyopitia huku.

Mkazi wa Kigamboni

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimekwenda kuziona zote mbili nikiwa na nyundo, kisu na tochi.

Namba ya boti ya kwanza inaishia na L102, yaani iliundwa Desemba 2001 na ni toleo la 2002, si 2004 kama nilivyoambiwa. Ukuta wa nyuma ulilia vizuri, lakini oili ya mguu ilitoka na rangi ya maziwa, na muuzaji alikataa kiwiko cha ekzosi kisifunguliwe. Familia yangu imeelewa, hasa baada ya kuwasomea maneno ya Nahodha kuhusu jenereta.

Boti ya Japani iliwaka ikiwa baridi kabisa, na moshi mweupe uliisha mapema. Vali ya choo ilitoa rangi ya waridi nilipoikwaruza. Nyingine tatu ni nzuri. Shafti inachezacheza kidogo ndani ya mkono wake wa nyuma. Majini ilifika mizunguko 2,650 wakati kibao kinasema 2,800, lakini tumbo lina chaza wengi. Cheti cha Japani kipo na namba ya injini inalingana. Je, hali hii inakubalika? Na nitenge kiasi gani kwa mwaka kwa matunzo, maana nimesikia kwamba ni asilimia 10 ya bei ya kununulia?

Fundi wa Mtwapa

Hali hiyo inakubalika, na umekagua vizuri. Upungufu wa mizunguko 150 ukiwa na chaza tumboni ni wa kawaida, ila usiamini mpaka uone. Mwombe mwenye boti mkubaliane hivi: boti ipandishwe, isafishwe, irudishwe majini, na mjaribu tena. Ikifika 2,800 au karibu yake, injini ni nzima. Isipopanda kabisa, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini ikizidi moja ya kumi, anza kuwa na wasiwasi na upunguze bei kwa kiasi cha kuifungua injini.

Kupandisha si lazima kuwe kwa winchi ya gharama. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam na Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita tatu na nusu hadi nne, kwa hiyo unaweza kuiingiza kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamejaa, uipige magadi (miti ya kuiegemeza) imara pande zote mbili, na ukapata saa kadhaa za kufanya kazi maji yakiwa yamekupwa. Boti yako ina mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo, na shafti iliyokingwa nao, kwa hiyo inavumilia jambo hilo. Ile yenye mguu isingevumilia. Vali ya choo, hata hivyo, usiibadilishe kwa namna hiyo. Ifanye ikiwa nchi kavu kwa siku kadhaa, ili gundi ya chini ya maji ishike kabla haijalowa. Siku hizohizo badilisha bushi ya mpira inayoshikilia shafti, kwa kuwa mchezo huo usipotibiwa utaila shafti yenyewe, na mkague uso wa shafti mahali inapopita kwenye pakingi, yaani kizuizi cha maji pale shafti inapotoka ndani ya boti. Pakingi ya kamba inatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Ikiwa kavu kabisa inaungua, na ikimwaga mfululizo imelegea.

Kuhusu asilimia 10, hesabu hiyo huwadanganya wanunuzi wa boti za zamani. Pampu, propela au kipozeo havijui kwamba ulinunua boti kwa bei ndogo. Bei yake ni ileile ya boti mpya. Tenga fedha kwa kuhesabu vitu vyenyewe. Kila mwaka utahitaji rangi ya chini, zinki zote, impela (gurudumu la mpira la kusukuma maji) ya pampu ya maji ya bahari hata kama inaonekana nzuri, oili na filta kwa kila saa 200 au mara moja kwa mwaka, kutegemea kipi kitatangulia, mikanda, na fedha ya kupandisha. Kwa mwaka wa kwanza ongeza fungu jingine linalokaribia hilo kwa ajili ya madirisha, betri, mipira ya maji yenye klipu mbili kila mwisho, na waya zilizogeuka kijani. Pampu ya ngama yenye swichi inayojiwasha iunganishwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, isipitie swichi kuu, ili ifanye kazi hata boti ikiwa imefungwa na ninyi mko nyumbani.

Madirisha usiyaahirishe kwa kudhani ni suala la urembo. Maji yanayopita hapo hushuka ndani ya ukuta wa kabini hadi kwenye mbao zilizofunikwa na faiba, na uozo wake huanzia mahali usipopaona. Yatoe yote, safisha fremu, weka mpira na gundi mpya, kisha yamwagie maji kwa mpira wa bustani mtu mmoja akiwa ndani na tochi.

Jambo la dizeli ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tangi lililobaki nusu kwa miezi hutoa jasho kwa ndani, maji hutuama chini, na vijidudu huota kwenye mpaka wa maji na dizeli hadi vizibe filta, mara nyingi siku ya mawimbi, kwa kuwa mawimbi ndiyo hukoroga uchafu wa chini. Jaza tangi kabla ya kuiegesha, fungua bomba la chini la filta ya kutenganisha maji kila baada ya safari, na uwe na filta mbili za akiba ndani ya boti pamoja na spana zake. Kisha jifunze kutoa hewa kwenye njia ya mafuta wewe mwenyewe, boti ikiwa imefungwa, hadi mikono izoee.

Katika mkataba, andikeni kwamba malipo ya mwisho yatafuata jaribio la pili la majini baada ya kusafishwa, kwamba gharama ya vali na bushi ya shafti inatolewa kwenye bei, na kwamba vipuri na vitabu vyote vya injini vinakabidhiwa pamoja na boti. Nipe namba ya injini kama ilivyo kwenye kibao, nami nitakutajia impela, mikanda na filta zinazoiingia, ili uvipate kabla siku ya kupandisha haijafika.